Marahaba Nyuma ya Kioo

Theodora ni mwanamke wa maneno. Kijiji chote cha Mungaa kinalijua hilo, na anayebisha basi hajawahi kununua kuku kwake. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima aliumalizia Mkiwa, pale njia panda, akiwauzia abiria wa mabasi kuku wa kienyeji, na katika kazi ile mwenye mdomo mzito hurudi nyumbani na kuku wake. Alijua kumsifia jogoo mpaka jogoo mwenyewe akanyoosha shingo. Alijua pia kunyamaza pale mteja anapotaka kusema, na huo ndio ufundi ambao wauzaji wengi hawana.

Mume wake, Nathanaeli, hakuwa na haja ya kwenda popote kutafuta watu. Watu walimfuata. Alikuwa fundi baiskeli, na mahali pake pa kazi palikuwa kibaraza cha nyumba yao wenyewe, kile kinachotazama njia itokayo shuleni kwenda madukani. Kilikuwa na nguzo za matofali, ukuta mfupi wa kukalia, paa la bati, na sakafu ya saruji iliyokunywa grisi mpaka haisafishiki. Mwenye baiskeli alisimama, na asiye na baiskeli alisimama pia, maana habari za kijiji zilifika pale kabla hazijaiva. Pikipiki zilipoingia na baiskeli zikapungua, Nathanaeli hakuhama. Aliweka kiti chake cha mbao palepale, akaendelea kuamkiwa na wapitao.

Na kuamkiwa alikupenda. Katika wote waliopita njia ile, ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumpa shikamoo, na mtu huyo alikuwa mke wake.

Walikuwa wamekua pamoja. Nathanaeli alimzidi Theodora umri kidogo tu, na Theodora alimkumbuka vizuri kijana yule akifukuzwa na baba yake Theodora, mzee Laurenti, kwenye shamba lake la karanga, huku kaptula ikimvuka. Siku alipoolewa, mashangazi wa bwana harusi walimweka chini wakamfunda kwamba mke mwema humwamkia mumewe kila asubuhi. Theodora akawajibu kwa adabu zote kwamba baba mkwe na mama mkwe atawaamkia mpaka magoti yaume, lakini mwizi wa karanga hapana. Mashangazi walikasirika. Nathanaeli alicheka mpaka akatoka nje.

Tangu hapo ukawa mchezo wao. Kila mwaka mpya Nathanaeli alijisimamisha mlangoni, mikono nyuma, akasema leo anahisi ataamkiwa. Theodora alimpa kikombe cha chai, akamuuliza ameamkaje, akamwambia shikamoo yake ataipokea mbinguni kama watafika wote. Watoto walikua wakiusikia mchezo huo, wakaolewa, wakaoa, wakahama, na mchezo ukabaki ndani ya nyumba pamoja na wenyewe.

Mwaka juzi, wakati wa kuvuna alizeti, Nathanaeli alianguka shambani. Kiharusi. Hospitalini walimrudishia uhai, mguu wakaurudisha nusu, mkono wa kulia ukagoma, na maneno yakaondoka yote. Kiswahili kiliondoka. Kinyaturu, lugha aliyoisikia tangu mgongoni kwa mama yake, nacho kiliondoka. Alimtazama Theodora akafungua mdomo, na kilichotoka ni pumzi. Daktari alisema maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi, watu wazungumze naye tu. Akasema pia kifua chake kimekuwa dhaifu, kwa hiyo kilindwe na vumbi, baridi na unyevu.

Basi Theodora, mwanamke wa maneno, akawa anasema kwa ajili ya watu wawili. Alimsimulia bei za mnada wa Ikungi, akamsimulia kuku aliyetaga ndani ya sufuria, akagombana naye na kujijibu mwenyewe. Usiku alipolala alisikia nyumba ilivyo kimya, akajua kwamba mchana kutwa alikuwa anapiga kelele ili asiusikie ukimya huo.

Neno lilirudi kibarazani. Nathanaeli alikuwa ameketi kwenye kiti chake, Theodora anapeta mtama pembeni, watoto wa shule wakapita. Msichana mmoja akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofunzwa kwao.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," akasema Nathanaeli.

Ungo ulimponyoka Theodora, mtama ukamwagika wote, na kuku wakaufurahia muujiza kuliko mtu yeyote. Akamsogelea mumewe akamwomba aseme tena. Hakuweza. Akamtajia neno lenyewe, silabi kwa silabi, kama mtoto anayefundishwa. Nathanaeli alihangaika, jasho likamtoka, hakikutoka kitu. Lakini alipopita mzee wa kanisa akiwa na mkewe, na mke akaamkia, neno likatoka tena, safi kabisa, kwa sauti ya zamani.

Ndivyo ilivyokuwa. Neno moja, na lilitoka kwa kuitwa na shikamoo tu. Ukimwita jina hakuitika, ukimuuliza kama ana njaa alitikisa kichwa, lakini mtoto akipita na salamu yake, Nathanaeli alimjibu kama mtu mzima mwenye afya zake, na uso ukamng'aa. Habari zikaenea kama kawaida ya habari. Kina mama wakawahimiza watoto wao wapitie kwa babu. Wengine walirudi wakapita mara ya pili kwa makusudi, wakaamkia upya, na hakuna aliyewakemea.

Mtu angeuliza kwa nini Theodora mwenyewe hakumwamkia. Jirani yake Dina, ambaye ni mdogo kwake na humwambia ya moyoni, alimuuliza hivyo hivyo. Theodora akajibu kwa mzaha kwamba mwizi ni mwizi tu hata akiugua. Moyoni alikuwa na jibu jingine. Aliona kwamba akimwamkia sasa, atakuwa amemwambia kwamba yeye si Nathanaeli tena, ni mgonjwa wa kuhurumiwa, na kwamba mchezo wao umekwisha. Alikuwa radhi kumlisha kijiko kwa kijiko na kumwogesha kila siku. Hilo la kuukomesha mchezo hakuliweza.

Kisha, mwaka uliofuata, ukaja upepo wa kiangazi. Anayeijua Singida haelezwi upepo wake. Unaanza asubuhi na vumbi jekundu, unaingia puani, unaingia kwenye ugali, na Nathanaeli akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Baada ya upepo zikaja mvua, na mwaka huo hazikuja kwa kubembeleza. Zilipiga kwa ubavu, zikaingia kibarazani mpaka mlango wa sebuleni. Siku za mvua ikabidi Nathanaeli alazwe chumbani, na chumbani hapakupita mtu. Akawa anautazama ukuta.

Krismasi, binti yao Rahel alikuja kutoka Dodoma anakofanya kazi. Alimkuta baba yake amelala kutwa nzima huku mvua ikicheza nje, akaenda kulia jikoni ambako alidhani haonekani. Alipomaliza akajifuta, akamwambia mama yake kwamba kibaraza kitazibwa. Atalipa yeye. Kule Dodoma ameona nyumba za watu, wamezungushia baraza zao vioo na aluminiamu, wanakaa humo wanaona nje, wala upepo hauwafikii, wala tone la mvua. Baba atakaa pale na njia yake ataiona.

Theodora alimkumbatia. Lilikuwa wazo la mtoto mwema, nalo lilikuwa wazo zuri.

Fundi aliyeletwa kutoka Singida mjini aliitwa Chrispin, kijana nadhifu, mpimaji, mtu wa kufumba jicho moja kabla ya kukata chochote. Rahel alikuwa amemwagiza mambo mawili, kwamba upepo usiingie hata kidogo na kwamba pawe pazuri. Chrispin akayatimiza yote mawili. Akapandisha fremu kutoka ukuta mfupi hadi darini, akaweka vioo vya buluu, vile vinavyong'aa kama maji ukiviona kwa mbali, na kila penye upenyo akapiga gundi mpaka sisimizi akakosa pa kupita. Mlango mmoja, nao wa kujifunga wenyewe. Alipomaliza akakipiga kibaraza picha kwa simu yake kutoka pembe zote akazitupia mtandaoni, na watu wa Mungaa wakaja kukitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga.

Nathanaeli akakalishwa kwenye kiti chake, blanketi magotini. Nje mvua ikinyesha, yeye mkavu. Theodora alimpigia Rahel simu akamwambia, mwanangu, baba yako amekaa kama mkuu wa wilaya. Rahel akalia tena, safari hii kwa furaha.

Shule zikafunguliwa, watoto wakaanza kupita. Theodora aliwaona kutoka ndani, wazi kabisa, mpaka vifungo vya mashati yao. Walikuja hadi karibu na kioo. Mmoja akapanga nywele. Mwingine akatoa ulimi, akajitazama meno, akacheza kidogo. Nathanaeli akawatazama, mdomo wake ukaanza kujiandaa kama ulivyozoea. Watoto wakaenda zao.

Siku ya pili vivyo hivyo. Watu wazima nao walipita, wakitazama mbele, kimya, wakikanyaga taratibu. Mara moja Nathanaeli alisema marahaba kabla ya kuamkiwa. Alilitoa neno kwa nguvu zote, akimtazama mtoto aliyekuwa anajikagua pua kwenye kioo upande wa pili. Mtoto hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anajitazama yeye. Theodora akacheka ili mumewe acheke, lakini Nathanaeli hakucheka. Aligeuza shingo polepole akaitazama sakafu yake ya grisi.

Na sakafu yenyewe ilikuwa imeanza kutoa jasho. Mvua haikukatika, na mle ndani hewa ilikuwa ileile ya jana na juzi. Vioo vilitiririka maji kwa ndani. Ukuta mfupi ukaota madoa ya kijivu, blanketi likanuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Theodora alifuta asubuhi, akafuta jioni. Alidhani labda ndivyo nyumba za vioo zilivyo, na kwamba wenzao wa Dodoma nao wanafuta. Kikohozi kilichokimbiwa nje kikamkuta Nathanaeli ndani.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Lakini Theodora alikuwa analala ndani, na hila bado hakuiona.

Siku Dina alipoleta maziwa, alipiga hodi mlango wa nyuma, akaingia mpaka kibarazani, akapiga goti kidogo mbele ya mgonjwa kama desturi yake.

"Shikamoo kaka."

Nathanaeli alimtazama. Theodora aliyekuwa anamimina maziwa alisimama, sufuria mkononi, akasubiri. Dina akaamkia tena, kwa sauti zaidi. Mdomo wa Nathanaeli ulitikisika, kisha ukafunga. Akatazama pembeni, kama mtu aliyeitwa mara nyingi kwa utani akaamua kwamba hatageuka tena.

Neno lilikuwa limeondoka.

Theodora alimsindikiza Dina bila kusema, na kwa Theodora hilo lilikuwa jambo la kuogopesha. Walipofika njiani alimuuliza kwa uchungu watu wa Mungaa wamewakosea nini, hata watoto hawasalimii tena. Dina akamshangaa. Alisema watu wanajua mzee amewekewa chumba cha kupumzikia. Mchana kweupe nyumba imefungwa hivyo, mlango umefungwa, wanajua mgonjwa amelala. Nani apige kelele kwenye nyumba ya mgonjwa aliyelala? Yeye mwenyewe amewaambia watoto wake wapite kimyakimya.

Theodora akageuka kuitazama nyumba yake. Tangu vioo viwekwe hakuwa amesimama hapo njiani na kuitazama. Kila mara alitoka na kuingia kwa mlango wa nyuma, akikimbia mvua. Sasa aliona anga. Aliona mawingu, mti wa jirani, njia yenye matope, na wanawake wawili wamesimama, mmoja ni Dina na mwingine bibi mnene kidogo mwenye kitenge kilicholowa, ambaye alikuwa yeye. Mume wake hakumwona. Alijua yuko pale, kwenye kiti, anawatazama wote wawili. Akapunga mkono, na aliyempungia ni yule bibi wa kwenye kioo.

Alilia palepale njiani, na wala hakujali nani anapita. Wakati wote huo Nathanaeli aliona kijiji chake chote kikija mpaka puani pake, kikimtazama usoni, kikaondoka bila salamu. Akaita na hakuitikiwa. Mtu aliyeketi pale miaka yote akiamkiwa na kila anayepita, angefikiri nini, kama si kwamba wamemchoka?

Kumwambia Rahel ndiko kulikomuwia vigumu. Zawadi ya mtoto unaipokeaje leo, kesho ukairudisha? Alizunguka na maneno, akasifu vioo, akasifu fremu, mpaka Rahel mwenyewe akamkatisha akamuuliza baba ana nini. Ndipo akasema. Rahel akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye alifikiria baba aone nje, hakufikiria kuonekana kwake. Theodora akamwambia hata yeye mama yake hakufikiria, na yeye ndiye aliyelala naye miaka yote hiyo, basi wasamehewe wote wawili, na fundi aitwe.

Chrispin alikuja na uso wa mtu aliyeitwa kusikiliza upuuzi. Kazi ile ilimletea wateja wengine mjini. Akaeleza kwamba vioo ni vya daraja la juu, na kwamba kuvitoboa ni sawa na kuchana suti. Theodora hakubishana naye. Alikumbuka Mkiwa, akajua huyu ni wa kuachwa aseme mpaka amalize. Alipomaliza, akamwomba akae kwenye kiti cha Nathanaeli, ambaye alikuwa amelazwa chumbani, asubiri hapo, kuna chai. Mlango ukajifunga wenyewe. Theodora akatoka na kikombe kwa mlango wa nyuma, akazunguka mpaka njiani, akasimama mbele ya vioo.

"Fundi, chai tayari," akasema, kwa sauti yake ya kawaida.

Mvua ilikuwa inagonga bati. Chrispin akamwona midomo ikicheza, akauliza mama anasema nini. Theodora akaona mawingu na mti wa jirani tu. Akauliza kama anaipenda na sukari. Chrispin akainuka, akapunga mikono, akaita, na bibi wa nje akaendelea kuzungumza na kibaraza kitupu, kisha akanywa ile chai yeye mwenyewe, taratibu, mpaka mwisho.

Kijana alitoka akicheka, ingawa cheko lilimwishia njiani. Akasimama kando ya Theodora akajiona kwenye kioo alichokiweka mwenyewe. Halafu akasema babu yake pia alikuwa mtu wa barazani, akaomba radhi. Theodora akampikia chai nyingine.

Kazi ya pili waliipanga pamoja, wakibishana kwa amani. Upande wa njia vioo vya buluu vikatolewa, na mahali pake pakawekwa madirisha ya kusukuma yenye kioo cheupe, yaliyoshushwa mpaka usawa wa uso wa mtu aliyeketi, na nyuma yake wavu wa mbu. Juu, karibu na dari, Chrispin akaacha matundu ya hewa upande huu na upande ule, hewa ya joto ipate pa kutokea. Bati likarefushwa nje, mvua ya ubavu iangukie mbali. Mlango ule wa kujifunga ukanyang'anywa tabia yake, ukawekewa ndoano ya kuushikilia wazi. Vioo vya buluu vilivyobaki viliachwa upande wa upepo, ambako hapapiti mtu, na huko vilifanya kazi njema. Madoa ya ukutani yakasuguliwa, blanketi likaanikwa, na baada ya siku chache hakuna kilichotiririka.

Dina akautangaza ukweli kijijini kwa namna yake. Asubuhi watoto wakaja kundi zima, wakajipanga kwenye dirisha lililo wazi kama wanaopokea uji.

"Shikamoo babu," wakasema wote.

Nathanaeli aliwatazama mmoja mmoja. Macho yalikuwa na kitu, Theodora alikiona. Watoto wakasubiri. Wakaamkia tena. Mwisho yule msichana wa kwanza akawaambia wenzake kengele itawakuta njiani, wakaondoka wakigeukageuka nyuma. Kesho yake wakaja tena, na keshokutwa, na Nathanaeli akawa anawatazama tu. Kikohozi kilipungua. Neno halikuja.

Theodora akaelewa kwamba fundi ameshamaliza yake. Dirisha lilikuwa wazi, lakini Nathanaeli alikuwa bado amekaa nyuma ya kioo. Alikuwa ameita watu wakampita. Sasa ilibidi mtu ampe kitu ambacho hawezi kukidharau, na Theodora alijua kitu hicho ni kipi, na nani anacho.

Alikaa nalo siku nzima. Alihofia mambo mawili. La kwanza, kwamba atampa na asijibu, na baada ya hapo hapatakuwa na kingine cha kumpa. La pili ndilo lile la zamani, kwamba akijibu, atakuwa amejibu kama mgonjwa.

Asubuhi mvua ilikuwa imepumzika na jua likaingia kibarazani kwa dirisha la njiani, mpaka magotini kwa Nathanaeli. Theodora alimwogesha, akamvika shati safi, akamkalisha. Alileta chai akaiweka kwenye ukuta mfupi. Kisha badala ya kuketi, akatoka kwa mlango ulioshikiliwa wazi na ndoano, akashuka njiani, akarudi akitembea kama mpita njia. Alipofika dirishani akasimama. Akavuta kitenge vizuri. Akapiga goti, yeye bibi mzima, kwa ugumu wake wote, akishika ukuta.

"Shikamoo, mwizi wa karanga," akasema.

Nathanaeli akamtazama. Kope zikapanda. Kitu kikaanza upande mmoja wa uso wake, ule mzima, kikapanda taratibu, na Theodora, goti likimuuma, akakitambua kabla hakijafika. Lilikuwa cheko. Cheko lile la siku ya mashangazi.

"Marahaba," akasema Nathanaeli. Akavuta pumzi. Akainua kidole cha mkono wa kushoto, kama mshindi anayetaka watu watulie kwanza. "Marahaba. Hujambo?"

Hilo la pili hakuwahi kumwambia mtoto yeyote tangu augue. Theodora alitaka kujibu akashindwa. Yeye aliyeuza kuku Mkiwa miaka yote ile, aliyesema kwa ajili ya watu wawili mwaka mzima na zaidi, alikosa neno moja dogo, akabaki ameshika ukuta, machozi yakimfika kidevuni, na mumewe akimsubiri kwa subira kubwa, kidole bado juu.

"Sijambo," akasema mwishowe. "Sijambo, baba Rahel."

Watoto walipopita asubuhi ile waliitikiwa wote, mmoja mmoja, na waliochelewa kengele walisema babu ndiye aliyewachelewesha. Rahel aliposikia habari hiyo kwenye simu alitaka aisikie sauti ya baba yake, akaamkia kutoka Dodoma, akajibiwa.

Siku hizi Theodora humwamkia mumewe mara moja tu, asubuhi, kupitia dirishani. Dina alimshauri amwongezee na jioni, pengine maneno mengine yatatoka. Theodora akakataa kabisa. Alisema wizi wa karanga bado haujafutwa, na ukimzidishia mwanamume shikamoo atavimba kichwa. Kisha akaingia ndani kumwekea chai kabla haijapoa.